Nyasi bandia juu ya udongo mweusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mvua ya masika ikishapiga siku tatu mfululizo, simu zinaanza kuingia kutoka Nairobi na viunga vyake: Syokimau, Mlolongo, Kitengela, Embakasi. Malalamiko ni yale yale. Watoto hawatoki nje, mbwa anaingia sebuleni na tope zito kila mguu, nyasi zimeoza, na kuna jirani aliyetandika zulia la nyasi bandia ambaye ua wake sasa unang'aa. "Fundi, nami nataka kama la jirani." Hapa nimekusanya maswali ambayo wateja huuliza kabla hatujaanza kuchimba, na yale wanayouliza, kwa sauti nyingine kabisa, baada ya fundi mwingine kumaliza kazi na kwenda zake.

Je, nyasi bandia zitaondoa maji yanayotuama uani kwangu?

Hapana. Zulia halinywi maji, linayapitisha tu. Mgongo wake umetobolewa vitundu, na mvua yoyote ya Nairobi itapenya humo bila shida. Cha kujiuliza ni maji yanakwenda wapi yakishapita. Yakikuta kokoto, mteremko na bomba, yataondoka. Yakikuta udongo mweusi ulioshindiliwa, yatakaa pale pale yalipokaa mwaka jana, ila sasa huyaoni.

Nalijua hili kwa sababu nililifanya mwenyewe. Moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa Kitengela. Mteja alikuwa na pesa kidogo, mimi nilikuwa na ujuzi kidogo. Tulisawazisha ardhi, tukamwaga mchanga wa sentimita tatu hivi, tukatandika. Picha zilipendeza. Aprili akanipigia: ukikanyaga, maji yanachuruzika kati ya vidole, na kuna harufu kama ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye ndoo. Tulipokunja pembe moja ya zulia, mchanga wote ulikuwa umegeuka uji mweusi. Tukang'oa, tukaanza upya, na gharama ikawa yangu.

Kwa nini udongo huu hasa, na si mwingine?

Udongo mweusi ni mfinyanzi mzito. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, wakati chembe ya mchanga mnene inaweza kufika milimita 2, yaani mara elfu. Nafasi zinazobaki kati ya chembe ndogo kiasi hicho ni finyu mno, na maji yanajisukuma ndani kwa taabu. Mchanga hupitisha zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa. Mfinyanzi hupitisha kati ya milimita 1 na 5.

Ule mweusi, ambao wenzetu wa Tanzania wanauita udongo wa mbuga, una tabia ya pili iliyo mbaya zaidi: unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nenda Kitengela mwezi wa Februari utaona nyufa zinazoweza kumeza gololi, nyingine hata mkono wa mtoto. Ndiyo maana mvua ya kwanza huwadanganya watu. Maji yanazama upesi kupitia nyufa, mwenye nyumba anafurahi kwamba mwaka huu mambo ni nafuu. Baada ya siku mbili tatu udongo umevimba, nyufa zimejifunga, na kila tone linalofuata linabaki juu.

Udongo wangu ni mwekundu. Je, haya yote yananihusu?

Pengine hayakuhusu. Udongo mwekundu wa Karen, Runda na sehemu kubwa ya Kiambu nao una mfinyanzi mwingi, lakini umejipanga kwa vidonge vidogo vyenye nafasi katikati, na hauvimbi kama mweusi. Maji hushuka. Nimeitwa Runda kwa ajili ya "tatizo la udongo" nikakuta tatizo ni gata lililopasuka.

Usipime kwa rangi peke yake. Chukua bonge la udongo, lilowanishe, lifinyange mpaka lilainike, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Ukikatika mapema, una bahati. Ukifika sentimita 5 na zaidi bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito.

Halafu chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo. Lijaze maji jioni, yaache. Asubuhi lijaze tena, chomeka kijiti chenye alama, na uangalie kila baada ya saa moja. Hili la kujaza mara mbili watu hulipuuza, nalo ndilo lenye maana, maana jaribio la udongo mkavu linapima nyufa tu. Mara ya mwisho nilipolifanya Mlolongo, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Mwenye nyumba alisimama juu ya lile shimo kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo hapa ninaishi juu ya sufuria."

Maji ninayopambana nayo ni kiasi gani?

Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Ua wa mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu kwa siku moja ya Aprili, inakupa lita 1,920. Udongo unaopitisha milimita 1 kwa saa utahitaji saa 40 kuyameza hayo, na kabla hazijaisha mvua nyingine imeshapiga.

Sasa tazama juu. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua hiyo hiyo linamwaga karibu lita 4,000. Kama mabomba ya gata yanaishia uani, zaidi ya nusu ya mafuriko yako yametoka kwenye bati, si mawinguni moja kwa moja. Nimewahi kufika kwa mtu aliyekuwa tayari kulipia ua mzima, tukaunganisha gata na tangi, tukapeleka maji yanayofurika kwenye mtaro wa barabara, na ua ukapona kiasi kwamba hakuhitaji zulia tena. Nilipoteza kazi ya wiki mbili. Lakini yeye ameshaniletea wateja wanne.

Chini ya zulia mnaweka nini hasa?

Hapa ndipo pesa yako inapaswa kwenda, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Kwanza tunatoa udongo wa sentimita 20 hadi 25 na kuupakia kwenye lori. Usikubali urundikwe kando ya ukuta, mvua itaurudisha. Kisha tunakata mteremko kwenye udongo wenyewe: sentimita 1 kwa kila mita, 2 ikiwezekana, kuelekea mbali na nyumba. Mafundi wengi huacha sakafu ya shimo bapa halafu wanatengeneza mteremko juu kwa kokoto. Ukiangalia unaona pameinama vizuri. Lakini maji yakishapita kwenye kokoto yanakuta beseni, na kwenye beseni ndimo yanamobaki. Kamba na pimamaji zitumike kabla kokoto ya kwanza haijashuka kwenye gari.

Juu ya udongo uliokatwa tunatandika kitambaa cha kuchuja, kile kizito cha ujenzi kinachoitwa jiotekstaili. Kinapitisha maji lakini kinazuia tope lisipande na kokoto zisizame. Bila hicho, msimu mmoja tu wa mvua na kokoto zitamezwa kama njugu kwenye uji.

Halafu kokoto za milimita 20, unene wa sentimita 15, zilizochekechwa zisiwe na vumbi. Tunazimwaga kwa matabaka mawili na kushindilia kila tabaka kwa mashine. Kati ya kokoto safi kama hizo, karibu theluthi moja ya ujazo ni nafasi tupu. Kwa ua wetu wa mita 48 za mraba, hiyo ni nafasi ya zaidi ya lita 2,000, yaani mvua nzima ya milimita 40 inaweza kukaa humo kwa muda ikisubiri zamu ya kuingia bombani, huku juu mtoto anapiga mpira.

Mwisho ni kokoto ndogo za milimita 5 hadi 10, sentimita 3 au 4, za kulainisha uso. Mafundi wengi hapa humwaga vumbi la mawe kutoka kwari, kwa sababu linashindiliwa likawa laini kama meza na zulia linakaa bila mikunjo. Mimi silitumii kwenye udongo mweusi. Likilowa na kukauka mara kadhaa linakaza kama saruji dhaifu, na pale ulipotaka mlango unapata kifuniko.

Bomba linakaa wapi, na linamwaga wapi?

Kwenye upande wa chini wa ua tunachimba mtaro mwembamba, tunaweka bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, tunalizungushia kokoto na kitambaa. Kwa Kiingereza mtaro huu huitwa French drain, jina linalowafanya watu wadhani umetoka Ufaransa. French lilikuwa jina la mtu: Henry French, mwanasheria wa Marekani, aliyeandika juu ya kukausha mashamba mwaka 1859.

Kuhusu mwisho wa bomba, hapo ndipo wengi hukwama. Mahali bora ni mtaro wa maji ya mvua wa barabara au wa mtaa, kama upo na kama uko chini kuliko bomba lako. Pima kabla ya kununua chochote. Bomba la maji taka usiliguse. Halikujengwa kubeba mvua, na siku likizidiwa litarudisha uchafu kwako au kwa mwenye nyumba aliye chini yako. Na ukimwaga maji kwa jirani kupitia tundu la ukuta, jiandae kwa kikao.

Watu wengi hupendekeza shimo la kunyonya maji lijazwe mawe. Kwenye udongo mwekundu ni wazo zuri. Kwenye mweusi, shimo lisilotoboa tabaka lote la mweusi mpaka kufikia moramu au mwamba uliooza chini yake ni tangi tu, nalo likijaa limejaa. Sehemu nyingine tabaka hilo ni nusu mita, kwingine linapita mita mbili. Muulize jirani aliyejenga juzi. Yeye aliona shimo la msingi kwa macho yake.

Je, si rahisi kuchanganya mchanga kwenye huo udongo?

Ungehitaji mchanga mwingi kuliko udongo wenyewe. Ukiweka kidogo, chembe za mfinyanzi zinajaza nafasi za mchanga na unapata kitu kinachofaa kufyatulia matofali.

Ardhi ikivimba na kusinyaa, zulia halitakunjamana?

Linaweza. Uzito wa kokoto husaidia, na kuondoa maji upesi husaidia zaidi, kwa sababu kinachovimbisha ni kulowa na kukauka kwa zamu. Bado, baada ya miaka miwili mitatu tarajia bonde dogo hapa na pale. Ndiyo maana tunafunga kingo kwa njia inayofunguka: tunakunja zulia, tunaongeza kokoto ndogo, tunalirudisha. Fundi akikuambia atalibandika kwa gundi juu ya zege jipya lililomwagwa kwenye udongo mweusi, muulize zege likipasuka nani atalifumua.

Jihadhari zaidi karibu na nyumba. Nyumba nyingi za huku zilijengwa kwa kuchimba udongo mweusi na kujaza mawe chini ya sakafu. Ua ukabaki mweusi. Maji ya uani yakipata njia, yanaingia kwenye yale mawe na kukaa chini ya sebule yako. Kwa hiyo mita ya kwanza kutoka ukutani tunatandika nailoni nzito ya geji 1000 chini ya kokoto, imeinamia nje. Na kamwe usichimbe mtaro wa maji ukiambaa na msingi bila kumwonyesha mhandisi.

Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu: zulia au mtaro. Nichague lipi?

Mtaro. Kisha panda nyasi za kawaida juu yake, ukoka au ile wanayoiita nyasi ya Pemba, na zulia likusubiri mwaka mwingine ikiwa bado utalitaka. Nyasi hai zinakunywa. Siku ya jua zinaweza kuvuta milimita 3 hadi 5 za maji kutoka ardhini na kuyarudisha hewani, na mizizi yake inatoboa njia kwenye mfinyanzi. Zulia halifanyi lolote kati ya hayo, na zaidi ya hapo linazuia jua lisikaushe ardhi. Kwa maneno mengine, ua wenye zulia unahitaji mtaro mzuri kuliko ua wenye nyasi. Watu hudhani ni kinyume.

Najua muuza zulia hapaswi kuandika hivi. Lakini nimechoka kung'oa mazulia mapya.

Tutaondokana na mbu?

Ikiwa maji yanaondoka ndani ya siku moja au mbili, ndiyo, hawatazaliwa hapo. Mbu anahitaji kama siku 7 hadi 14 kutoka yai mpaka kuruka. Kagua pia kisanduku cha kukusanya maji mwishoni mwa bomba. Kikibaki na maji chini, kinakuwa hospitali ya wazazi. Kitoboe au kifunike kwa wavu.

Nina mbwa wawili. Harufu?

Mkojo unapita kama maji mengine, lakini ukinaswa kwenye vumbi la mawe au mchanga mchafu chini ya zulia utanuka, hasa mwezi wa Januari jua likiwaka. Kokoto safi na maji ya mpira mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Kinyesi okota kikiwa kimekauka kidogo, usikisugue.

Mazulia haya yanapata joto kweli kama wanavyosema?

Ndiyo. Jua la saa saba likipiga moja kwa moja, uso wa nyasi bandia unaweza kupita nyuzi joto 60, na mtoto hawezi kukanyaga peku. Kumwagia maji kunapoza kwa dakika chache tu. Panda mti au funga turubai la kivuli upande wa magharibi.

Na nyama choma iende pembeni kwenye kabro. Nyuzi nyingi za zulia ni polietilini, inayoanza kuyeyuka karibu na nyuzi 110 na kuendelea, na kaa moja lililoanguka linaacha doa jeusi gumu lenye ukubwa wa shilingi ishirini. Nimeshona viraka vingi vya Krismasi.

Magugu yatapenya?

Mengi hayatapenya. Ndago itapenya. Ncha yake ni kali kama sindano, inatoboa nailoni na kutokeza kwenye vitundu vya zulia, na inapenda hasa mahali penye maji. Kabla ya kutandika, ing'oe na vinundu vyake, subiri wiki tatu, ing'oe iliyochipua tena. Ikiota kwa mstari mmoja baada ya mwaka, usikasirikie ndago. Fuata mstari huo, utakuta bomba limeziba.

Vipi kuhusu plastiki na mazingira?

Swali la haki, na jibu halinipendezi. Nyuzi hukatika kidogo kidogo, na maji ya mtaro wako yanazibeba. Maji ya Syokimau na Kitengela huishia mto Athi, ambao njiani hubadilishwa majina kuwa Galana na Sabaki na kumwaga baharini karibu na Malindi. Unaweza kupunguza: weka wavu mwembamba mwishoni mwa bomba, usafishe, na ujazie zulia kwa mchanga wa silika, kamwe si kwa chembe za mpira. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kupiga marufuku uuzaji wa chembe hizo za kujazia viwanja, na muda wa mpito unaisha 2031. Isije mizigo wasiyoitaka ikashushwa Mombasa kwa bei ya kutupa.

Zulia nene ndilo linalopitisha maji vizuri?

Unene wa nyuzi hauhusiki. Ligeuze, tazama mgongoni, tafuta vitundu. Mwaga kikombe cha maji dukani ukiruhusiwa.

Mwezi gani ni mzuri kwa kazi hii?

Januari na Februari, au Julai mpaka Septemba. Ukichimba udongo mweusi wakati wa mvua, koleo linapaka kuta za mtaro kama mtu anayepiga lipu, na vile vinjia vichache vya maji vilivyokuwepo vinazibwa. Gambuti zinabaki chini mguu ukitoka. Mwenye haraka ya Aprili namwomba asubiri, tutengeneze gata kwanza.

Nitajuaje kama fundi amefanya kazi sawasawa, kama zulia linafunika kila kitu?

Usimruhusu afunike. Kokoto zikishashindiliwa na kabla zulia halijafunguliwa, leta mitungi kumi ya lita 20. Imwage yote upande wa juu, mmoja baada ya mwingine, halafu nenda ukasimame mahali bomba linapotokea ukiwa na saa mkononi. Maji yanapaswa kuanza kutoka baada ya dakika chache, yakiwa na vumbi kidogo mwanzoni kisha yakawa safi. Yasipotoka, lipa vibarua wa siku hiyo tu, na salio libaki mfukoni.